Mapezi ya Detroit

Cadillac ya mwaka 1959 ni gari la kutazamwa kwa nyuma. Magari karibu yote hujitambulisha kwa uso, yaani kwa taa za mbele, grili na nembo iliyokaa juu ya boneti, lakini hili lilisanifiwa ili likumbukwe na yule aliyepitwa nalo barabarani. Bati la ubavuni huanza kuinuka taratibu karibu na mlango, hupita juu ya gurudumu la nyuma, huzidi kupanda na kuwa jembamba kadiri linavyosogea, kisha hukatika ghafla katika ncha kali inayosimama peke yake angani, moja kulia na nyingine kushoto; na katika tumbo la kila bati hilo lililosimama, ambalo kwa umbo lake linastahili kuitwa pezi, zimechomoza taa mbili nyekundu zilizochongoka mfano wa roketi. Gari lenyewe lina urefu wa takriban mita 5.7 na uzito unaozidi tani 2, na chini ya boneti yake imelala injini ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 6.4. Ndani ya wingi huo wote wa chuma hakuna sehemu iliyo ngumu kutajiwa kazi kuliko pezi. Halibebi mzigo, halipozi injini, wala halisaidii matairi kushika barabara. Kampuni ya Chrysler, iliyoshindana na General Motors, waundaji wa Cadillac, katika kuinua mapezi, iliwahi kudai kwamba pezi hulituliza gari linapopigwa na upepo wa ubavuni, na huenda katika mwendo mkubwa dai hilo lilikuwa na chembe ya ukweli, lakini ni vigumu kuamini kwamba kuna mnunuzi aliyetoa fedha zake kwa ajili ya upepo. Pezi liliwekwa ili litamaniwe. Kila anayeliona leo, likiwa limekarabatiwa, limepakwa rangi upya na kung'arishwa hadi mtu ajione ndani yake, anatazama tamaa ya watu wa zama nyingine iliyogandishwa katika bati, na swali linalozuka ni zito: ni nini hasa kinachookolewa pale binadamu anapotumia miaka ya maisha yake kukirudishia upya kitu ambacho waliokiunda hawakukusudia kidumu?

Asili ya umbo hili ni vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Harley Earl, mkuu wa idara ya usanifu wa maumbo katika General Motors, aliwapeleka wasaidizi wake katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Selfridge, karibu na Detroit, wakaitazame ndege mpya ya kivita, Lockheed P-38, ambayo nyuma yake iligawanyika katika mihimili miwili mirefu, kila mmoja ukiishia katika mkia uliosimama wima. Vita vilipokwisha na viwanda vikarudi kuunda magari ya raia, mikia ile ilijitokeza tena katika Cadillac ya 1948, midogo, ya mviringo, yenye kutaka kuomba radhi kwa kuwapo. Earl alikuwa mtoto wa Hollywood, mji wa sinema, ambako kabla ya kuajiriwa Detroit mwaka 1927 alikuwa akiwaundia waigizaji mashuhuri magari ya kuagiza, na mchango wake mkubwa kuliko yote ulikuwa udongo. Palipozoeleka kuchora gari kwa rula kisha kulikunja bati kwa kufuata mstari, yeye alitaka umbo lifinyangwe kwanza kwa udongo uliokandikwa juu ya kiunzi cha mbao, mfinyanzi akiupitisha kisu na kiganja hadi ubavu wa gari ukubali kutiririka, na hapo ndipo vipimo vichukuliwe kwa ajili ya chuma. Bila udongo pezi la 1959 lisingezaliwa, kwa maana hakuna rula ambayo ingeliwazia. Ni umbo lililotokana na kiganja. Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu silaha iliyobuniwa kuua angani ilipita katika mikono ya wafinyanzi ikatoka ikiwa pambo la gari la kupeleka watoto shuleni na bibi kanisani, na wala haikuonekana ajabu. Taifa lililotoka vitani na ushindi lilitaka kuupanda ushindi huo, likae nyuma ya usukani na kuuendesha.

Lakini umbo likishazoeleka haliuzi tena, na ndipo tamaa ilipowekewa ratiba. Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors kwa miaka mingi, aliujenga utaratibu wa kubadilisha sura za magari kila mwaka, ili gari la mwaka jana, hata likiwa zima kabisa, limtie haya mwenyewe. Earl aliueleza utaratibu huo pasipo kuficha: alisema mwaka 1955 kwamba mnunuzi wa kawaida wa 1934 alikaa na gari lake miaka 5, kwamba sasa muda huo umeshuka hadi miaka 2, na kwamba atakuwa amefaulu kikamilifu siku utakaposhuka hadi mwaka 1. Wahenga walikwisha kuiona nguvu hii waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kilichoongezwa na Detroit ni kiwanda, hesabu na tarehe. Mapezi yakapanda mwaka hadi mwaka kwa sababu hayakuwa na njia nyingine ya kubaki mapya. Mwaka 1956 habari za magari mapya ya Chrysler, yaliyosanifiwa chini ya Virgil Exner, ziliwafikia wasanifu vijana wa General Motors kwa njia ya kuchungulia uzio: waliyaona yamepangwa nje, ya chini, mepesi kwa sura, yenye mapezi yanayokata hewa, wakarudi wamefadhaika. Michoro iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya 1959 iliwekwa kando Earl mwenyewe akiwa safarini Ulaya, na iliyochukua nafasi yake ndiyo iliyozaa pezi refu kuliko yote ambayo Cadillac imepata kuyaunda. Anayelitazama leo huliona kilele cha kujiamini, ilhali lilizaliwa na hofu ya kuachwa nyuma.

Mwaka wenyewe uliithibitisha hofu hiyo. Tangu Julai hadi Novemba 1959 wafanyakazi wapatao 500,000 wa viwanda vya chuma vya Marekani waligoma kwa siku 116, na mwaka huohuo nchi hiyo ilinunua nje chuma kingi kuliko ilichouza; mwezi Agosti, huko Uingereza, ilizinduliwa Mini, gari la mita 3 na kidogo lililochukua watu wanne kwa petroli haba. Earl alikwisha kustaafu mwishoni mwa 1958, na mrithi wake, Bill Mitchell, akaanza kulishusha pezi, hadi kufikia Cadillac ya 1965 pakawa pamebaki mstari tu wa kukumbusha. Ratiba ilikuwa imetimia. Gari la kutamaniwa mwaka 1 likawa mali ya yadi za magari chakavu, na mwaka 1974, nje ya mji wa Amarillo, Texas, kundi la wasanii lililoitwa Ant Farm likazifukia Cadillac 10 shambani, pua chini na mapezi juu, zikiwa zimepangwa kwa umri kutoka ya 1949 hadi ya 1963. Bado zipo, na wapita njia huzipaka rangi za makopo kila siku, tabaka juu ya tabaka, hata umbo la pezi limeanza kupotea ndani ya unene wa rangi.

Kukarabati gari la namna hii, kwa maana kamili inayokubalika miongoni mwa mafundi, ni kulivunja kwanza. Bodi huinuliwa kutoka kwenye chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini na magurudumu, viti vikang'olewa, nyaya zikavutwa, kila skrubu ikatiwa katika mfuko wake na kuandikiwa mahali ilikotoka. Kutu ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi. Huanzia kusikoonekana, chini ya milango, kwenye sakafu ya buti, katika kona ambako maji hukaa pamoja na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji katika majimbo ya kaskazini. Fundi huigonga kwa nyundo ndogo na kuisikiliza, kwa kuwa bati zima hulia na bati lililoliwa huitika kwa sauti iliyokufa. Kilichooza hukatwa, kipande kipya hukunjwa na kuchomelewa mahali pake, kisha hufuata wiki za kunyoosha, kupiga puti, kupiga msasa, kupaka rangi ya msingi na kupiga msasa tena, hadi kiganja kikipita juu ya pezi kisikute kilima wala bonde. Jicho hudanganywa na mwanga wa karakana. Ni kiganja kinachoaminika, kilekile kilicholifinyanga pezi katika udongo, na bila yeyote kupanga iwe hivyo, kazi ya mwisho ya mkarabati hufanana na kazi ya kwanza ya msanifu.

Kisha kuna mng'aro. Bampa, fremu za taa na mapambo mengi ya gari hili yamefunikwa kwa kromiamu, ambayo haikubali kukaa hivihivi juu ya chuma. Kipande huvuliwa mng'aro wake wa zamani kwa dawa kali, husuguliwa, huzamishwa katika maji yenye umeme ili kishike tabaka la shaba, husuguliwa tena, hupewa tabaka la nikeli, na mwisho kabisa hutandazwa kromiamu, nyembamba kiasi kwamba unene wake haufiki sehemu 1 ya 1,000 ya milimita. Uangavu anaousifu mtazamaji kwa sehemu kubwa ni wa nikeli iliyo chini. Kromiamu huizuia isififie na kuitia ubaridi kidogo wa samawati. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, huambiwa mtu anayehadaika na sura, na ni rahisi kuitupia Cadillac methali hiyo na kuondoka. Lakini aliyewahi kuona kazi hii hawezi kuitamka kwa wepesi. Chini ya kila tabaka kuna tabaka lingine lililosuguliwa na mtu, na mng'aro huo mwembamba umegharimu mapafu, kwa kuwa mvuke unaotoka katika mapipa ya kromiamu husababisha saratani. Juujuu ya gari hili hapakuwa pa juujuu kwa waliopafanya.

Ugunduzi mkubwa zaidi humngoja fundi chini ya rangi, penye maungio. Bodi haikutoka kwenye mashine ikiwa kipande kimoja. Mabati yalichomelewa pamoja, na mahali yalipokutana mfanyakazi alipasha moto mche wa aloi ya risasi, yaani madini ya risasi yaliyochanganywa na madini mengine ili yalegee kwa joto dogo, akaupaka juu ya kiungo ukiwa laini kama siagi, akausawazisha kwa kibao cha mti, na ulipopoa akaukwangua kwa tupa hadi kiungo kikatoweka. Mkarabati anapoiondoa rangi na kuifikia risasi hiyo, huenda akaikuta mikwaruzo ya tupa bado ipo, imeelekea upande mmoja, ikipungua nguvu karibu na ukingo pale mkono ulipojua kwamba inatosha. Bodi za Cadillac ziliundwa katika kiwanda cha Fleetwood kilichokuwa kwenye barabara ya Fort, upande wa magharibi wa Detroit, kisha zikabebwa kwa malori hadi kiwanda cha barabara ya Clark zikafungwe kwenye chesesi. Viwanda vyote viwili vilifungwa mwaka 1987, katika mji uliokuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950 na ambao sensa ya 2010 iliwakuta 713,777. Jina la Earl limo katika kila kitabu cha historia ya magari. Ya waliojaza risasi hayamo, nao walifanya kazi ya kukwangua katika vibanda vilivyozibwa, wakivaa vifuniko vya kuwaletea hewa, kwa kuwa vumbi la risasi huingia kwenye damu na kukaa mifupani. Ubora wa kazi yao ulikuwa kutoonekana. Mnunuzi wa 1959 hakuiona, na wala haikutakiwa aione. Mkarabati ndiye, baada ya miaka zaidi ya 60, mtu wa kwanza kuisoma, na heshima hiyo kwa mkono usiojulikana ndiyo sehemu ya ukarabati iliyo ya thamani kuliko vikombe vyote vinavyotolewa katika maonyesho.

Wapo wanaolihukumu pezi kuwa ubatili mtupu, wakisema kwamba ni kiburi kilichopigwa rangi. Hukumu hiyo hukosa nguvu inapofika kwa Wamarekani weusi. Katika miaka ya kwanza ya 1930, wakati mdororo mkuu wa uchumi ulipokuwa umeuza nusu ya Marekani kwa wadai wake, Cadillac ilikuwa karibu kufa, na bado sera yake ilikuwa kutowauzia watu weusi. Peter Drucker, mwandishi mashuhuri wa masuala ya uongozi wa makampuni, ameisimulia habari ya Nicholas Dreystadt, mkuu wa huduma za matengenezo wa Cadillac, aliyebaini katika karakana zake kwamba kumbe mabondia, waimbaji na madaktari weusi tayari wanazo gari hizo, kwa kuwa walimlipa mzungu awanunulie kwa jina lake. Dreystadt aliwaendea wakuu wa kampuni akawashawishi wawauzie watu hao mlangoni kama wateja wengine, na mauzo yakaanza kupanda. Haikuwa haki iliyowasukuma, ilikuwa njaa. Lakini kwa mnunuzi maana yake ilikuwa nyingine. Mtu aliyekataliwa nyumba katika mtaa mzuri, aliyekataliwa mkopo wa benki, meza ya hoteli na kiti cha mbele cha basi, angeweza sasa kununua kitu kilicho bora kabisa cha namna yake, palepale ambapo tajiri mweupe alinunua chake, na hakuna aliyeweza kukiongezea ngazi ya juu zaidi ili amzuie. Jarida la Ebony la Chicago liliitolea hoja hiyo tahariri nzima mwaka 1949, likiihesabu Cadillac kuwa silaha katika madai ya usawa.

Silaha hiyo ilikuwa na matumizi ya kila siku. Barabara kuu za Marekani za zama hizo zilikuwa na hoteli zisizompokea msafiri mweusi, vituo vya petroli visivyomruhusu kutumia choo, na miji midogo ambayo hakutakiwa aonekane ndani yake baada ya jua kuzama. Ndiyo sababu Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa New York, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha nyumba za kulala na migahawa iliyowapokea, na kitabu hicho kiliendelea kutoka hadi katikati ya miaka ya 1960. Katika safari ya namna hiyo gari kubwa lisiloharibika njiani lilikuwa usalama. Siti yake ya nyuma ilitosha kulaza watoto pale ambapo familia isingepata kitanda, buti lake lilibeba chakula cha siku nzima na mtungi wa maji, na injini yake iliweza kuliondoa gari haraka mahali palipochafuka. Na pezi? Pezi lilitangaza. Kwa mtu ambaye sheria na desturi zilimtaka ajikunyate, apite uchochoroni, ashushe macho, kupita katikati ya barabara akiwa na ncha mbili za chuma nyuma yake na taa nne nyekundu zinazoonekana kutoka mbali kulikuwa tendo la kukataa. Sehemu ya gari isiyo na kazi ikawa na kazi kubwa kuliko injini.

Hayo hayaondoi madhara. Gari hili lina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, halikuja na mikanda, na chesesi yake, iliyoundwa kwa umbo la herufi X, haina mhimili wa pembeni wa kumkinga abiria anapogongwa ubavuni. Ralph Nader, katika kitabu chake cha 1965 kilichochangia kuzaliwa kwa sheria ya usalama wa magari ya 1966, aliandika habari za mtoto wa kike wa Maryland aliyekufa baada ya kulivaa pezi la Cadillac iliyokuwa imeegeshwa tu. Petroli iliyochomwa na injini hizo ilikuwa imetiwa risasi, kufuatia ugunduzi uliofanywa mwaka 1921 katika maabara ya General Motors yenyewe, na moshi wake ulisambaa katika hewa ya dunia nzima. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Mkarabati mwangalifu huondoa vikalio vya zamani vya valvu za kutolea moshi, akaweka vigumu zaidi, ili injini ivumilie petroli isiyo na risasi, na kwa nje hakuna atakayejua. Ni badiliko linalofaa kusifiwa: linakubali kwamba si kila kilichokuwapo kinastahili kurejeshwa.

Swali la kipi kirejeshwe ndilo linalowagawa wapenzi wa magari haya, na wanaligombania kwa uchungu unaostahili. Wengi hulikarabati gari hadi likapita lilivyotoka kiwandani. Rangi ya laka ya 1959 ilikuwa nyembamba, maungio ya milango hayakulingana sana, na chini ya gari pasipoonekana palipuliziwa harakaharaka. Gari la maonyesho la leo lina rangi nene yenye kina, maungio yaliyonyooka kwa kipimo, na tumbo linalong'aa kuliko uso. Hilo si gari la 1959. Ni ndoto ya 1959 kama ilivyootwa na mtu wa baadaye. Kwa upande mwingine kuna wanaosema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, wakiipendelea Cadillac iliyopauka, yenye siti iliyochanika upande wa dereva na mkwaruzo wa funguo penye mlango, ilimradi kila kilichomo kilikuwamo tangu mwanzo; baadhi ya mashindano makubwa, likiwamo la Pebble Beach huko California, yametenga kundi la magari ambayo hayajaguswa. Wa upande huu wa pili wana haki zaidi. Gari lisiloguswa bado lina mikwaruzo ya tupa na harufu ya watu, na ukarabati, hata wa upendo, huanza kwa kupiga msasa ushahidi. Hata hivyo kutu haina subira na mabishano ya watu, na kati ya gari lililorejeshwa kupita kiasi na gari lililokwisha kuwa vumbi jekundu, ni vigumu kumlaumu aliyechagua la kwanza.

Lakini kuna kipimo kingine cha ukarabati, nacho kiko Detroit kwenyewe. Cadillac huweza kurudishwa kwa sababu General Motors ilichapisha vitabu vya vipuri, kila kipande kina namba na mchoro wake, na watu walihifadhi vipande hivyo mabandani kwa miongo. Mtaa hauna kitabu cha vipuri. Upande wa mashariki wa mji palikuwa na barabara iliyoitwa Hastings, uti wa mgongo wa Black Bottom na Paradise Valley, mitaa ambayo watu weusi waliohamia kutoka kusini walibanwa humo kwa kuwa kwingine walikataliwa, nao wakaijaza vinyozi, maduka ya dawa, ofisi za madaktari na kumbi za muziki. Kanisa la New Bethel la mchungaji C. L. Franklin, baba yake mwimbaji Aretha, lilikuwa hapo, na duka la Joe Von Battle, aliyezirekodi hotuba za mchungaji huyo katika sahani za santuri, lilikuwa hapo pia. Ni katika mitaa ya aina hiyo ambamo daktari au mwimbaji aliyefanikiwa aliegesha Cadillac yake ili majirani waione. Sheria ya mwaka 1956 ya barabara kuu za Marekani, iliyoidhinisha mtandao wa zaidi ya kilomita 65,000, ilizipa gari ndefu barabara ndefu, na kwa Detroit mojawapo ilichimbwa palepale Hastings ilipopita. Ikafunguliwa mwaka 1964, mwaka ambao Cadillac ilitoa mapezi yake ya mwisho ya kuitwa mapezi, na sehemu yake inayoingia katikati ya mji ikaitwa I-375. Hastings ikatoweka karibu yote. Gari lililompa mtu heshima lilihitaji njia, na njia ikapita juu ya nyumba yake.

Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitoa zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya mpango wa kuiondoa I-375, kulijaza shimo lake udongo na kuweka barabara ya kawaida ya mjini yenye njia za waendao kwa miguu. Mpango umekuwa ukisuasua kutokana na gharama zinazopanda na mabishano juu ya upana wa barabara mpya. Waliozaliwa Black Bottom, ambao sasa ni wazee, wamekuwa wakihoji pamoja na watoto wao ardhi itakayopatikana, inayokadiriwa kufikia ekari 30, itauzwa kwa nani na kwa bei gani, na kama katika maduka yatakayojengwa juu yake kutakuwa na nafasi kwa wajukuu wa waliobomolewa.